Nani Alilipia Sehemu ya Kwanza?

Kwetu Tanzania maneno "Sehemu ya Pili" yana sifa mbaya, na sifa hiyo hayakusingiziwa. Waliokua enzi za filamu za Kibongo za DVD wanajua. Unanunua filamu, mnakaa ukoo mzima mbele ya televisheni, saa nzima inapita watu wakisubiri geti lifunguliwe, na pale mambo yanapoanza kuchemka yanatokea maandishi: usikose sehemu ya pili. Sehemu ya pili ni DVD nyingine na fedha nyingine. Ukiitazama unagundua kwamba hadithi ilikuwa moja tu, imekatwa katikati kama muwa ili iuzwe mara mbili. Siku hizi mtindo huo umehamia kwenye simulizi za WhatsApp. "Itaendelea." Tuma fedha upate kipande kinachofuata.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya Watanzania na kusema kuna kitu ambacho sehemu yake ya pili ni bora kuliko ya kwanza, anatazamwa kama dalali. Naomba nitazamwe hivyo kwa muda. Nataka kutetea sehemu ya pili moja, gemu la kompyuta la mwaka 2000 liitwalo Baldur's Gate II, mbele ya lile la kwanza la mwaka 1998. Ninaowapinga wako makundi matatu. Kuna wanaosema sehemu ya pili siku zote ni tamaa ya fedha. Kuna wenzangu wa darasa la fasihi, tunaosoma pamoja shahada ya uzamili, wanaosema gemu haliwezi kujadiliwa kama hadithi. Na kuna kaka yangu, mkulima wa pamba wa Bariadi. Kati ya wote hao, kaka ndiye pekee aliyelicheza gemu lenyewe, kwa hiyo ndiye ninayemwogopa.

Nieleze kwanza ni gemu la aina gani, maana katika vibanda vyetu vya PlayStation gemu ni mpira, ngumi na magari. Hili ni gemu la kuvaa uhusika. Unaanza kwa kumuumba mtu: jina lake, kazi yake, nguvu zake, tabia yake. Unatembea naye kutoka mahali hadi mahali, na njiani unaweza kupata wenzako hadi mkawa sita. Watu wanasema nawe, na wewe unachagua la kuwajibu kati ya majibu kadhaa yaliyoandikwa. Ukijibu vibaya unaweza kupigwa, au mwenzako mwenye msimamo akaudhika na kukuacha njiani. Kanuni zake zimetoka kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani wa mwaka 1974 unaochezwa mezani kwa karatasi, kete na maneno. Walioligeuza kuwa Baldur's Gate ni kampuni ya Kanada, BioWare. Kuna kusoma kwingi. Ni Kiingereza kizito, cha watu wa kale wa kubuni, na hakuna njia ya kukikwepa.

Lilitufikia Desemba 2014. Mwalimu mmoja alikuwa amepanga chumba kwetu Somanda, naye alikuwa na laptopu nzito yenye betri iliyokufa. Umeme ukikatika, laptopu nayo inazima, na yote uliyoyafanya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho yanapotea. Gemu alilikuta humo alipoinunua. Yeye halikumvutia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Kaka alikuwa amemaliza cha nne mwaka uliotangulia na hakuendelea. Mwalimu alipofunga safari kwenda kwao kwa ajili ya Krismasi alituachia ufunguo wa chumba, nasi tukacheza likizo nzima. Kaka alishika kipanya, mimi nikashika Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI. Yeye alipigana, mimi nilitafsiri. Maneno mengi ya Kiingereza niliyoingia nayo kidato cha tatu niliyapata pale, na baadhi hayana kazi yoyote duniani isipokuwa kama unataka kununua ngao.

Sasa nitaje hoja za kaka, na nitazitaja kwa haki, kwa sababu ni nzuri.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba sehemu ya kwanza inaanza na mtu asiye na kitu, na inaujua umaskini. Kijana aliyelelewa kwenye ngome ya vitabu anatolewa usiku na mlezi wake, na usiku huohuo mlezi anauawa mbele yake. Asubuhi inamkuta na upanga wa bei rahisi na rafiki mmoja wa utotoni, Imoen. Ukichagua kuwa mchawi, pigo moja la mbwa mwitu linatosha kukumaliza. Kila kiatu unachokiokota kina maana. Tena kuna janga la chuma: madini ya chuma ya nchi nzima yameharibiwa, na silaha za kawaida zinavunjika mkononi katikati ya vita. Wachezaji wengi wanalichukia jambo hilo. Kaka alilipenda. "Jembe linavunjika," alisema, "kwa nini upanga usivunjike?"

Hoja ya pili ni pori. Sehemu ya kwanza ina ramani kubwa za nyika ambazo unazitembea na mara nyingi hukuti kitu, kisha unamkuta dubu. Wahakiki wengi wanaona huo ni upungufu. Kaka anasema wahakiki hao hawajawahi kutafuta ng'ombe aliyepotea. Sisi ni watu wa Ntuzu, mbele yetu kuna mbuga hadi Serengeti, na anajua kwamba si kila mti una hadithi. Katika sehemu ya pili, kila mlango unaofungua una mtu mwenye shida anayekusubiri wewe. Hayo, anasema, ni mawazo ya watu wa mjini.

Hoja ya tatu aliniambia kwa lugha ya shamba. Kila msimu ukiisha, mkulima wa pamba anatakiwa kung'oa masalia na kuyachoma, kwa sababu mti wa mwaka jana ukiachwa shambani unawalisha wadudu wa mwaka huu. Pamba ya maotea haina maana, na inaambukiza iliyo mpya. "Hadithi ikiisha," aliniambia, "choma. Panda nyingine."

Hoja hiyo ya tatu ndiyo nitakayoishika, kwa sababu ameielewa nusu. Mkulima anachoma masalia, lakini msimu mpya hauanzi bila mbegu, na mbegu ni ya mmea uleule.

Tazama sehemu ya pili inavyoanza. Unaweza kumleta mtu wako yuleyule uliyemlea katika sehemu ya kwanza. Sehemu ya kwanza ilikuwa na ukomo: mtu wako hakuweza kuvuka alama 89,000 za uzoefu. Sehemu ya pili inamwanzisha mhusika mpya kwenye alama hizohizo 89,000, palepale mwenzake alipoachwa. Ujuzi wake wote anao. Lakini anaamka ndani ya kizimba, chini ya ardhi, mateka wa mchawi aitwaye Irenicus, na vitu alivyokuwa amevikusanya kwa jasho havipo mwilini mwake. Ule upanga ulioutafuta likizo nzima umekwenda. Masalia yamechomwa, kaka. Kilichobaki ni mbegu.

Kisha waliopunguza wakapunguza kwelikweli. Sehemu ya kwanza ina watu 25 unaoweza kuwachukua kama wenzako. Sehemu ya pili, katika toleo lake la mwaka 2000, ina 16. Muuzaji wa DVD angeongeza, kwa sababu 50 inapendeza kwenye kasha kuliko 16. Lakini wale 25, wengi wao wana maneno machache wanapojiunga nawe, na baada ya hapo ukiwagusa wanarudia yaleyale kama kasuku. Tulitembea Desemba nzima na mpiganaji aitwaye Khalid. Alikuwa na kigugumizi. Alikuwa na mke, Jaheira, naye tulikuwa naye kundini. Tulimweka Khalid mbele ya kila vita kwa sababu alikuwa na siraha nzuri, na tulipomaliza gemu tulijua kuhusu Khalid kigugumizi chake tu. Tulimtumia kama mlango.

Katika sehemu ya pili, vyumba vichache tu kutoka kwenye kizimba chako, unaukuta mwili wa Khalid. Ameteswa. Jaheira yuko nawe, naye anauona kabla hujapata la kumwambia.

Nililiona hilo peke yangu, chuoni Dar es Salaam, mwaka 2021, kwenye laptopu ya mitumba niliyonunua kwa kukusanya fedha za kujikimu. Nilisimamisha gemu na kutoka nje. Nilikuwa na miaka 22, na nilikuwa na huzuni kwa ajili ya mtu aliyetengenezwa kwa rangi chache na sauti ya kugugumia. Lakini huzuni ile haikutoka sehemu ya pili peke yake. Ilitoka kwenye majuma yale manne ya Somanda, tulipomweka mbele bila kumuuliza lolote. Sehemu ya pili ilichukua kitu ambacho ya kwanza haikujua kwamba inacho, ikakipa uzito. Na baada ya hapo Jaheira haendelei na safari kana kwamba amepoteza kisu. Kwa siku na siku za gemu anakusemesha njiani, kuhusu mumewe, kuhusu lawama, kuhusu kama inafaa kuendelea. Mara nyingine anakukasirikia bila sababu. Waliofiwa tunawajua, ndivyo walivyo.

Wale wa kundi la kwanza, wanaosema sehemu ya pili ni tamaa, hapa ndipo ninapowaomba wajibu. Sehemu ya pili ya DVD haiigusi ya kwanza. Inangoja mlangoni na mkono umenyooshwa. Sehemu ya pili ninayoisema inarudi nyuma na kuifanya ya kwanza iwe na maana kubwa kuliko ilivyokuwa nayo siku ilipoisha. Ukicheza ya pili kisha ukarudi kwenye ya kwanza, huwezi tena kumweka Khalid mbele bila kusitasita.

Jambo la pili ni bei. Katika sehemu ya kwanza fedha zinakuja zenyewe. Unaua majambazi, unachukua mikoba yao, unashangaa kufika mwisho una dhahabu usiyojua la kuifanyia. Katika sehemu ya pili Imoen anakamatwa mbele ya macho yako sokoni na kupelekwa mbali, na mtu mmoja kwenye mtaa wa maskini anakuambia anawajua wanaoweza kukusaidia. Bei ni dhahabu 20,000. Wewe umetoka kizimbani jana. Kuanzia hapo mji wote unabadilika sura, kwa sababu kila mwenye shida unayekutana naye ni pia kibarua. Unamsaidia kwa sababu umeguswa, au unamsaidia kwa sababu ya zile 20,000, na baada ya muda huwezi kutenganisha. Ukizifikisha 15,000, yule mtu anakubali kupokea hizo. Dalali ni dalali kila mahali.

Nilipofika kwenye zile 20,000 nilifahamu kitu ambacho nilikuwa nakikwepa kwa miaka miwili.

Msimu wa pamba wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwezi wa 5, nina nafasi ya chuo mwezi wa 10, na mkopo niliopata haukufunika kila kitu. Kaka alikuwa na shamba upande wa Nkololo, amelipalilia na kulipulizia dawa na bomba la mgongoni msimu mzima. Akavuna, akachambua safi kwake na fifi kwake, akapeleka kwenye mizani, akaandikiwa. Fedha zikachelewa. Wiki, mwezi, miezi. Mimi nilipanda basi mwezi wa 10 nikiwa na ada mfukoni, na sikuuliza ilitoka wapi, kwa sababu niliona uzito umeandikwa na nilidhani uzito ukiandikwa fedha zimelipwa. Mama ndiye aliyeniambia, baada ya mwaka na zaidi, kwa bahati mbaya, tukiongea mambo mengine: kaka aliuza mitamba miwili. Mitamba ile ilikuwa ya mahari yake.

Hakuwahi kunitajia. Mimi nilikuwa nimeshaweka picha yangu mtandaoni, nimesimama mbele ya maktaba, na chini nimeandika kwamba mtoto wa Bariadi amefika. Kaka aliipenda picha hiyo, akaweka alama ya kidole gumba.

Wenzangu wa darasa la fasihi, mnaposema gemu si hadithi, mna hoja moja ya kweli: katika hadithi msomaji hachagui. Lakini naomba mniambie ni riwaya gani mliyoisoma mwaka huu iliyowaweka sokoni na deni la mtu mwingine mikononi, ikasubiri muamue. Sisemi gemu ni bora kuliko riwaya. Nasema swali la jinsi kazi ya pili inavyoirudia ya kwanza ni swali letu sisi, la fasihi, na tunalijua. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, kisha akarudi kwenye maisha yaleyale na kuandika Baada ya Miaka Hamsini. Kezilahabi, jirani yetu wa Ukerewe, aliandika Nagona, kisha Mzingile, na darasani hatuoni tabu kukubali kwamba cha pili kinazungumza na cha kwanza. Hatuwaiti wauza DVD. Tunapewa muda wa wiki mbili kujadili uhusiano wa vitabu viwili vyembamba, na tunafanya hivyo kwa furaha. Uhusiano wa magemu mawili yenye maneno mengi kuliko vitabu hivyo unafukuzwa mlangoni kwa sababu una picha zinazotembea.

Tena, kuwapunguzia hofu, nitayataja makosa ya sehemu ya pili mimi mwenyewe. Haraka yake ni ya uongo. Imoen yuko kifungoni, na mimi naweza kushinda kwenye hema la sarakasi palepale sokoni, nikatatua ugomvi wa wengine kwa miezi, naye hazeeki wala hafi. Mji wake umejaa shughuli hadi unachosha. Panga hazivunjiki tena, na kaka ana haki ya kuzililia. Wala simpingi kuhusu pori. Ule ukimya wa sehemu ya kwanza, wa kutembea ukingoni mwa msitu bila kuitwa na mtu, haukurudi. Kitu kinaweza kuwa bora na bado kikawa kimepoteza kitu. Simiyu yenyewe ni sehemu ya pili: tulikatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuongezewa kipande cha Mwanza. Kuna wazee wanaoikumbuka Bariadi ya zamani kwa mapenzi, lakini sijamsikia hata mmoja akiomba arudi kufuata ofisi za mkoa Shinyanga.

Ila kuna mtu mmoja katika sehemu ya pili ambaye ndiye sababu ya makala haya. Anaitwa Keldorn. Ni askari mzee wa dini, mwadilifu, unayemkuta kwenye mitaro iliyo chini ya mji akipambana na waovu. Ni mpiganaji hodari kuliko karibu wote unaoweza kuwapata. Ukipita naye kwenye mtaa anaokaa, anaomba aende nyumbani mara moja kuwasalimu mkewe na mabinti zake. Unakwenda naye. Na nyumbani unakuta kwamba kwa miaka yote aliyokuwa akiokoa dunia, mkewe amekuwa peke yake, watoto wamekua bila yeye, na mke amepata mtu mwingine wa kukaa naye. Keldorn anaumia. Anakugeukia wewe, mgeni, na kuuliza afanye nini. Unaweza kumshauri aache sheria ichukue mkondo wake. Unaweza kumshauri asamehe na akae na familia yake, na hapo anatoka kundini, nawe unabaki na pengo mahali palipokuwa na upanga wako bora.

Sehemu ya kwanza isingeweza kumwandika Keldorn. Katika sehemu ya kwanza kila mtu anaondoka nyumbani. Swali lake ni kama utafika. Ni swali zuri na la ujana, na mimi na kaka tulilijibu kwa furaha kwenye kile chumba cha mwalimu. Sehemu ya pili inauliza ni nani alilipa ili ufike, na yuko wapi sasa.

Mwaka 2021 nilimshauri Keldorn abaki kundini. Niseme wazi. Nilikuwa na vita kubwa mbele na nilihitaji upanga wake. Nilichagua majibu hadi nikapata yale yaliyomweka nami. Nilikuwa sijakanyaga Bariadi kwa miezi 20.

Sasa niseme ninalolipigania, kwa sababu halihusu gemu peke yake. Hadithi zote tunazosimuliana kuhusu watu kama mimi ni sehemu ya kwanza. Mtoto wa mkulima, kutembea kilomita kadhaa kwenda shule, taa ya chemli, ufaulu, basi, chuo, joho. Picha ya joho ndiyo mwisho. Zinaandikwa kwenye magazeti, zinasimuliwa kwenye harambee, zinahubiriwa kanisani, na sisi tuliomo ndani yake tunaziweka mtandaoni wenyewe. Mitamba haimo. Yule aliyebaki na bomba la dawa mgongoni anatajwa kwenye shukrani za tasnifu, mstari wa nne, baada ya msimamizi. Tumekuwa Khalid na wenye kumtumia Khalid, na hadithi inaisha kabla mtu hajafungua mlango wa pili akauona mwili.

Waandishi wenzangu wenye umri wangu, na nyie vijana mnaotengeneza magemu kwa Kiswahili, acheni kutuletea mianzo mipya. Mianzo tunayo ya kutosha. Mnapoandika sehemu ya pili, msituongezee watu, magari wala nyumba za ghorofa. Punguzeni. Chukueni wale wachache mliowapita haraka mara ya kwanza, muwape midomo. Ung'oeni utajiri wa shujaa na mchome. Mwacheni na alichojifunza, kisha mpelekeni nyumbani kwake mlango ufunguliwe.

Mwaka jana, mwezi wa 8, nilirudi Somanda kwa likizo ndefu. Gemu lote siku hizi linaingia kwenye simu, nami nilikuwa nimenunua simu ya mitumba yenye kioo kipana nikaliweka humo. Nilimpa kaka. Sikumwambia chochote kuhusu Khalid wala kuhusu Keldorn. Alicheza usiku ndani ya chandarua, simu ameishika karibu na uso kwa sababu maandishi ni madogo. Kiingereza chake, ambacho hukiita kibovu, kilitosha. Usiku wa kwanza nilimsikia akiguna, kisha kimya kirefu, kisha akaniita kutoka chumba cha pili.

"Dogo. Ulijua kuhusu Khalid?"

"Nilijua, kaka."

"Na hukusema."

"Na wewe kuhusu mitamba hukusema."

Hakujibu. Nilisikia panga zikigongana tena kwenye simu.

Baada ya siku tisa tulikuwa tunakunywa chai uani, asubuhi, kabla ya kwenda shamba. Aliniambia kwamba amefika kwa yule mzee. Nilimuuliza amemshauri nini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jina la baba yetu.

"Nimemwambia akae na wanawe. Upanga nitapata mwingine."

"Lakini bila yeye vita vya mbele ni vigumu mno."

"Ni vigumu," alisema. "Nimekufa mara sita."

Nilidhani nimemshinda. Nilimuuliza kama sasa anakubali kwamba sehemu ya pili ni bora. Alimaliza chai, akakisuuza kikombe, akakigeuza juu ya kichanja. Akasema hapana, ya kwanza ni bora, kwa sababu ya kwanza tulicheza wawili.

Sina jibu la hoja hiyo, na sijaribu kulitafuta. Tulichukua majembe tukaenda Nkololo kung'oa masalia ya pamba. Yalikuwa mengi. Tulifanya kazi hadi jua likawa kali, yeye mstari wake, mimi mstari wangu, naye alinitangulia kwa mbali.